Bwana Shamba na Vyungu vya Jana

Nilipokuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota, treni ilikwama stesheni ya Goweko siku mbili nzima. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli huko mbele, upande wa Tabora, na mabehewa yakasimama pale kama ng'ombe waliokataa mto. Siku ya kwanza abiria walicheka, wakanyoosha miguu, wakanunua karanga zote za kina mama. Siku ya pili hawakucheka.

Mama yangu alijitwisha ungo wa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa kama vipande vya ubao. Ni chakula chetu cha kiangazi. Sisi watoto wote tulikuwa pale stesheni, maana treni ikikwama hakuna mtoto anayebaki nyumbani. Akashuka bwana mmoja amevaa tai, viatu vinang'aa, akashika kipande kwa vidole viwili kama anashika mjusi.

"Mama, hii ni nini?"

"Viazi, baba."

"Viazi gani vigumu namna hii?"

"Vimechoka kusubiri treni, kama wewe."

Kipande cha kwanza alikila kwa vidole viwili. Cha pili kwa mkono mzima. Cha tano alikuwa amekaa juu ya reli, tai ameitia mfukoni, anatafuna macho ameyafumba. Mimi nimesimama mbele yake namkodolea, mpaka mama akanivuta sikio. "Mtu haangaliwi akila! Nani kakufundisha?"

Hakuna aliyenifundisha. Ni kasoro yangu tu, na nimezeeka nayo. Shule niliishia darasa la nne, vitabu havikunikubali, lakini mtu akikaa kula mbele yangu namsoma bila kukosea herufi. Namjua aliyeshiba tangu nyumbani akaja kula kwa heshima tu. Namjua anayekula polepole ili wengine wasione kwamba ana njaa. Mke wangu ananigombeza kila msiba, kila harusi. Nami miaka yote hiyo nikiwaangalia watu sikuwahi kumkuta mtu ambaye na yeye ananiangalia mimi, mpaka siku alipokuja kwetu Bwana Shamba.

Jina lake lilikuwemo katika karatasi za ofisini, na huko likae. Sisi tulimwita Bwana Shamba, kama anavyoitwa kila mtu wa kazi ile ya kufundisha wakulima. Alizaliwa mwaka gani, baba yake nani, sikumwuliza. Tulijua jambo moja tu, nalo lilitosha: ni Mgogo.

Hapa niseme kidogo, maana vijana wa siku hizi hawajui. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Wazee wanasema ilianza enzi za misafara, babu zetu wakibeba mizigo kutoka huku kwenda pwani na kurudi. Njiani wanapita nchi kavu ya Wagogo, wanagombana nao kwa ajili ya maji na ushuru wa kupita. Waligombana miaka mingi mpaka ugomvi ukachakaa, ukawa mzaha. Sasa mtani wako anaweza kuja msibani kwako akajilaza kaburini na kusema hatoki mpaka apewe kuku, nawe humfanyi kitu. Maneno ambayo ndugu yako akikwambia mtapelekana barazani, mtani akikwambia unacheka. Bwana Shamba aliijua ruhusa hiyo, na aliitumia kama fundi anavyotumia nyundo.

Hakusalimia kama watu. Wewe unasema mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, mwenyewe anaingia uani na pikipiki yake inayokohoa, anaizima, anauliza:

"Wabeba mizigo! Jana mlikula nini?"

"Karibu, Mgogo," mke wangu, Mama Kashindye, anamjibu. "Leo umekuja kuomba au kuiba?"

"Nimekuja kukagua. Jana mlikula nini?"

"Tulikula Mgogo mmoja. Mifupa mitupu."

"Mlimla na mboga gani?"

Hapo wanacheka wote wawili, lakini macho yake yameshafika jikoni. Nilimwona. Anaangalia majivu kama yana moto. Anapita karibu na kinu, anakigusa kwa ndani na kidole kama mtu asiye na nia yoyote, anajua kama kimetwangiwa leo au kimekaa kikavu tangu juzi. Anawaangalia kuku. Siku moja aliniambia kuku hawajui kuficha: nyumba yenye chakula, kuku wako mbali wanaparua, na nyumba yenye njaa, kuku wamesimama mlangoni wanasubiri miujiza. Nikageuka kuwatazama wa kwangu. Walikuwa mlangoni.

"Msimu ni mgumu," nikasema.

"Msimu," akasema. "Haya."

Sitaki mfikiri alikuwa mtu wa kunyooka. Aliposema tumbaku inakula chakula chetu, alikuwa anasema huku amewasha msokoto wa tumbaku hiyohiyo, tena analalamika kwamba haikukaushwa vizuri. Shamba lake mwenyewe, lile lililo nyuma ya nyumba aliyopangiwa, lilikuwa magugu matupu. Mbuzi wa jirani aliingia humo siku moja akatafutwa mpaka jioni. Alitusisitiza tulime mtama na muhogo kwa kuwa vinavumilia jua, na yeye ukimpikia ugali wa muhogo anautazama kama barua ya deni, anauliza kama hakuna wali. Nilimwambia hivyo usoni kwake. Akajibu, "Mganga hajigangi, Mtani. Ungekuwa na akili ungekuwa umeshaona."

Na jambo kubwa zaidi ni hili, nalisema kwa kuwa lazima lisemwe. Bani langu la kwanza alinifundisha kulijenga yeye. Bani ni ile nyumba ndefu ya udongo tunamokaushia tumbaku kwa moto wa kuni. Alikuja akapima kwa kamba, akanionyesha mahali pa kupitisha moshi, akarudi mara nne kuangalia. Miaka mingi kazi yake ilikuwa hiyo, kutufanya tulime tumbaku nyingi na nzuri, na aliifanya kwa moyo. Baadaye ndipo akaanza kuzunguka kwenye nyumba zilezile alizozijengea mabani, anagusa vinu. Sijui ni nini kilimgeuza. Nilimwuliza, akasema pikipiki ilimharibikia siku moja ikabidi alale kijijini, akaona yanayopikwa. Inawezekana. Inawezekana pia alikuwa ananitania.

Alichokiona ndicho hiki. Kwetu kazi ikiwa nyingi, chakula hakuna. Kati ya Desemba na Februari mtu analima, anapalilia, anapandikiza tumbaku mvua inampiga mgongoni, na ghala limebaki na panya anayejuta. Fedha za tumbaku zinakuja katikati ya mwaka. Tunanunua bati, tunanunua redio, mtoto anataka simu ya kutazama picha, tunanunua. Mahindi kidogo tuliyolima tunamwuzia mnunuzi yangali mabichi shambani, kwa kuwa ameshika fedha na sisi tumeshika matumbo. Kisha Januari tunayanunua kwake mahindi yaleyale. Mwaka wa kwanza nilidhani ni ujinga wangu. Mwaka wa tano nikatazama huku na huku, nikaona ni ujinga wa kata nzima.

Na hakuna aliyesema. Neno njaa kwetu halitamkwi. Bwana Shamba alikuwa na maneno yake juu ya hilo. "Njaa ina vyeo," alisema. "Ofisini inaitwa upungufu. Kwenye mkutano inaitwa changamoto. Nyumbani haiitwi kabisa, inaingia yenyewe."

Basi ndipo akaanza habari ya wadau. Neno hilo lilikuja kwetu na semina, likabaki kama chupa ya maji iliyosahauliwa na mgeni. Alitaka wote wanaohusika na chakula cha kata wakae pamoja: sisi wa tumbaku, wafugaji wa Kisukuma waliotoka Igunga na ng'ombe wao, mnunuzi wa mahindi, kina mama. Mfugaji mmoja mzee, mtu wa maneno machache, alimwuliza:

"Bwana Shamba, mdau ni nani?"

"Ni yule ambaye jambo likiharibika, atalia."

Mzee akafikiri. "Basi ng'ombe wangu nao ni wadau. Nije nao?"

Alikuja bila ng'ombe, lakini walikuwepo katika kila sentensi. Kikao cha kwanza kilifanyika kwenye banda la kupimia tumbaku, nasi tulirukiana kama majogoo. Sisi tukasema ng'ombe wamemaliza mahindi. Mfugaji akasema mabani yetu yamemaliza msitu, ng'ombe wapite wapi, angani? Mnunuzi wa mahindi, mtu mnene mwenye sauti laini, akasema, "Jamani, mimi nanunua tu. Kuna niliyemshika mkono?" Jirani yangu mwenye mabani matatu akamwambia, "Hukutushika mkono, ulitushika shingo." Tukaondoka kama tulivyokuja, isipokuwa sauti, hizo tulikuwa tumezipoteza.

Nilidhani Bwana Shamba atakasirika. Alikuwa amekaa juu ya robota, yaani mzigo wa tumbaku uliofungwa, anatabasamu na msokoto wake.

"Mara nyingine," akasema, "mtu asije na maneno. Kila nyumba ije na chungu au sufuria iliyopikiwa jana. Na msioshe."

Wanawake walicheka sana. Mama Kashindye alisema huyu Mgogo sasa amepungukiwa, anataka kuramba ukoko wa kata nzima. Lakini kwa kuwa ni mtani, tukafanya. Angekuwa afisa mwingine amesema hivyo, nawaambia, angepelekewa vyungu vilivyosuguliwa mpaka unajiona uso.

Siku ile sitaisahau. Alivipanga vyungu juu ya marobota, kimoja kimoja, akafunua vifuniko mwenyewe. Sufuria ya jirani yangu mwenye mabani matatu, mtu mwenye bati jipya na pikipiki mbili, ilikuwa na ukoko wa ugali tu. Hata alama ya mboga hapana. Yangu ilikuwa na mlenda umekauka pembeni. Mfugaji alikuwa na kibuyu cha maziwa, lakini ugali wake ulikuwa wa mahindi ya kununua. Mnunuzi alikuja mikono mitupu, akasema yeye jana alikula hotelini. Bwana Shamba akamwekea kiti katikati ya vyungu. "Kaa hapa, Tajiri. Nusa."

Chungu kilichojaa kilikuwa kimoja. Kilikuwa cha mama mmoja mjane aliyeolewa kwetu kutoka Ulyankulu, katika familia zile zilizokuja zamani kutoka Burundi. Maharage, muhogo, na majani yake. Jembe lake dogo, hana bani, hana hata bati. Watu wakamtazama. Akaona haya, akasema kwa ile sauti yake ya polepole:

"Si kwamba nina akili. Wazazi wetu walifika Ulyankulu hawana kitu. Baba alisema shamba la kula lipandwe kwanza, la kuuza lifuate nyuma kama mbwa. Basi mimi napanda hivyo."

Hatukurukiana siku ile. Mtu akitaka kumlaumu mwenzake, anaangalia ukoko wake mwenyewe juu ya robota, anameza. Tulikubaliana mambo ambayo hata leo nikiyakumbuka nashangaa kuwa yalitoka midomoni mwetu. Kila mwenye tumbaku apande na ekari ya muhogo au mtama. Mnunuzi asiingie shambani kabla mahindi hayajakauka. Wafugaji wapewe njia yao na wasiitoke. Mama wa Ulyankulu akaahidi kugawa vipando vya muhogo. Lakini hayo yote yalikuwa ya mwaka unaofuata, na mwaka ule wenyewe ulikuwa umeshaharibika, viwavi walikuwa wamepita kwenye mahindi kama moto. Kwa hiyo tukaandika barua wilayani. Serikali ilikuwa inapeleka mahindi ya bei nafuu kwenye kata zenye shida, nasi tuliomba tuandikwe. Jibu likaja: atakuja mgeni kuangalia hali.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe ni letu hasa. Sidhani kama watu wengine wangelifanya.

Bwana Shamba alizunguka nyumba kwa nyumba. "Msipike kitu. Mje na vya jana, kama mara ile. Mgeni aone mlichonionyesha mimi." Kwangu alilisema mara tatu. Nikamwitikia mara tatu.

Alipoondoka, Mama Kashindye akasema, "Mgeni atoke wilayani, aje na gari, aangalie ukoko wangu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Yeye ni mtani. Mgeni ni mgeni."

Singependa kumsingizia mke wangu. Jogoo nilimkamata mimi mwenyewe, wa mwisho, yule mwekundu. Mchele nilikwenda mimi kuuazima. Nilijiambia: mimi peke yangu nikificha, hakuna neno, wenzangu watasema ukweli, barua yetu itafaulu. Nasitiri uso wangu tu. Na kila nyumba katika kata ile, siku ileile, ilikuwa inajiambia hayo.

Mgeni alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani, anasalimia wazee shikamoo kwa adabu. Bwana Shamba akaanza kufunua vifuniko. Wali. Akafunua cha pili. Pilau, harufu ikajaa banda zima. Kuku. Wali na nyama ya mbuzi. Kuku tena. Unafikiri tuko harusini. Nilimwona mkono wake unapunguza mwendo, cha tano, cha sita, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nasi wenye vyungu tulikuwa tunatazamana, macho yametutoka, kila mmoja anamlaumu mwenzake kimoyomoyo: na wewe pia?

Mama wa Ulyankulu peke yake alikuja na cha jana. Kufikia siku ile alikuwa ameshawagawia watu muhogo wake karibu wote, na chungu chake kilikuwa na majani yaliyochemshwa kwa maji. Alipoona vyungu vyetu, akakifunika kwa kanga, akakisogeza nyuma ya miguu yake.

"Jamani!" mgeni akasema. "Goweko mna neema!" Akatoa simu akapiga picha. Akapiga nyingine. Watu wakamkaribisha, akakaribia, tukala. Mama Kashindye alimpakulia Bwana Shamba kabla ya wote, kwa kuwa ni mtani wetu, paja lile kubwa la jogoo mwekundu, akamshikisha sahani mkononi. Akala tonge mbili tatu. Kisha akaniangalia, akasema kwa sauti ya mzaha ileile ya siku zote:

"Mtani. Mbele ya mgeni hapa. Jana ulikula nini?"

Mgeni akageuka kunitazama, anatabasamu, kalamu mkononi. Nilijua anachonifanyia. Alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema kweli kwa mzaha, watu wangecheka, na katikati ya kicheko mwingine naye angesema, na mwingine, na mama yule mwenye miwani angeelewa. Jana yake tulikuwa tumekula uji wa pumba.

"Wali," nikasema.

Alinitazama kidogo, kama anasubiri mtu mwingine atokee nyuma yangu aseme jingine. Hakutokea mtu. Akarudi kwenye sahani yake, akamaliza paja lote, akanyonya na mfupa.

Mahindi ya bei nafuu yalipita. Tuliyaona yakipita, malori mawili yamefunikwa turubai, yanakwenda kata nyingine, vumbi lake likatufikia hadi uani. Wanasema picha ya pilau yetu ilizunguka kwenye simu za watu wa ofisini, wakaipenda. Mwaka ule tulikula mbegu. Mtu akila mbegu hana la kusema, anakula tu akiangalia ukutani. Mama wa Ulyankulu aliendelea kugawa mpaka muhogo ukaisha ardhini, kisha akawachukua wanawe akarudi Ulyankulu kwa kaka zake. Shamba lake likashikwa na mfugaji, baadaye na mtu wa tumbaku. Vipando vile alivyotuahidi havikupandwa. Ekari ya chakula kwa kila nyumba, njia ya ng'ombe, mnunuzi asubiri mahindi yakauke, yote yaliondoka kama watu wanaotoka kikaoni mmoja mmoja, wa mwisho hazimi hata taa.

Bwana Shamba alikaa nasi msimu mmoja zaidi. Alikuja kwangu kama kawaida, akaniuliza habari za miche, akanionyesha ugonjwa wa majani. Hakunitukana. Hilo lilinikosesha raha kuliko kama angenifuata na fimbo, maana mtani asipokutukana kuna kitu kimekwisha. Nilijaribu kumchokoza, nikamwita ombaomba. Akasema, "Ndiyo, Mzee." Mzee! Tangu nimjue hakuwahi kuniita hivyo. Kisha muda wake wa kazi ukaisha, akaondoka, hatukupika kitu cha kumuaga kwa kuwa hakuna aliyejua siku.

Miaka ikapita. Nilibaki na swali moja, na mimi swali likiniingia ni kama mchanga kwenye kiatu, natembea nalo. Yeye alijua. Alikuwa amegusa vinu vyetu vyote. Alikuwa na ruhusa ya mtani ya kusema lolote, na alikuwa na kazi ya serikali juu yake. Mimi sikusema, mimi ni mwoga na nilikuwa mwenye nyumba. Yeye mbona hakusema?

Mwaka jana nilikwenda Kwihara, karibu na Tabora, kwa mambo ya mahari ya mpwa wangu. Mambo yalipokwisha nikatoka barabarani kutafuta chakula, kuna kibanda cha mama lishe karibu na njia wanayopita wageni wanaokuja kuangalia tembe la zamani alilokaa Mzungu mmoja enzi za misafara. Pale kwenye benchi amekaa mtu mwembamba, kofia magotini. Nilimjua kwa jinsi alivyokuwa anamwangalia mama lishe akikoroga.

"Mgogo!"

Akageuka. "Mbeba mizigo. Hujafa?"

"Nasubiri wewe utangulie, nijue njia."

Akacheka, na moyo wangu ukafunguka. Nikakaa. Nikaagiza wali na maharage, sahani mbili. Akaniuliza Mama Kashindye yupo, nikasema yupo, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Nikamwuliza anafanya nini huku, akasema anapumzika, ana bustani. "Ina magugu?" nikauliza. "Ina magugu," akasema. Tukakaa. Bodaboda zikawa zinapita. Nikaona nisipotoa sasa sitatoa tena.

"Ulikuwa uji wa pumba," nikasema.

"Upi?"

"Siku ile. Jana ya siku ile ya mgeni. Uliniuliza nilikula nini."

Akaigeuza kofia yake, akaangalia ndani yake. "Ulikuwa na chumvi?"

"Kidogo."

"Pumba inataka chumvi."

"Lakini ulijua, Mgogo. Ulijua vyungu vyote. Mimi uso ulinishinda. Wewe mbona hukusema? Wewe ungeweza."

"Ningesema na mdomo gani? Paja la jogoo wako lilikuwemo." Akaugusa mdomo wake. "Mkeo aliniwahi. Nikalipokea, nikatafuna. Mtu umeshameza nyama ya mtu, unamwumbuaje mbele ya mgeni wake? Nikasema nikuulize wewe, labda wewe una mdomo mtupu."

Sikuwahi kulifikiria hilo. Miaka yote namwangalia mtu akila, na la siku ile sikuliona.

Mama lishe akaleta sahani mbili, zinafuka mvuke. Nikamsogezea ya kwake. "Basi kula, Mtani. Yamepita."

Aliutazama wali, na nyie mnajua alivyopenda wali. Kisha akairudisha sahani mbele yangu, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Leo bado sijala chako," akasema, "kwa hiyo leo naweza kusema. Yule mama alifunika chungu chake kwa kanga. Nilimwona. Wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Tulimwona wote, akaondoka na watoto, na hakuna aliyekwenda Ulyankulu kumwambia kuwa yeye ndiye aliyekuja na cha kweli. Si wewe, si mimi. Mimi nina pensheni, nauli ninayo." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Haukuwa utani. "Ulidanganya, Mzee. Nami nikamaliza nyama. Watu wakala mbegu."

Akavaa kofia. Nilidhani anakwenda kunawa, ndoo ya maji ilikuwa upande ule. Alipita ndoo, akasubiri lori la mkaa lipite, akavuka barabara kwa mwendo wake uleule wa mtu asiye na nia yoyote, akaingia katikati ya nyumba. Nikasubiri. Wali wangu nikaula nusu, ukanishinda. Maharage ya sahani yake yakaanza kushika utando juu.

"Baba," mama lishe akaniuliza, "mwenzio anarudi? Nimfunikie?"

"Mfunikie," nikasema.

Akafunika kwa sahani nyingine. Nikakaa pale mpaka alipoanza kuosha vyombo. Hakurudi.